Matango yanaanguka yangali machanga, na rubabi bado ni ya kijani: ning'oe nianze upya?

"Mtaalamu, hii ni mara yangu ya kwanza kulima bustani ya nyumbani. Nina tuta moja la mita 1 kwa 3. Upande mmoja nimepanda miche 4 ya matango, na upande wa pili rubabi 1 (rhubarb, mmea unaoliwa vikonyo vya majani yake) niliyoinunua ikiwa tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo lenye machipukizi. Kati ya rubabi na tango la karibu ni kama sentimita 40. Matango yamejaa maua, lakini vitango vikifika ukubwa wa kidole vinakuwa vya manjano na kuanguka. Yaliyokua hadi kuvunwa ni 3 tu. Moja limepinda kama ndoano na lingine lilikuwa chungu. Jirani anasema ni maboga niliyopanda karibu ndiyo yameharibu matango. Namwagilia kila jioni, nusu lita kila shina, kwa bomba la kunyunyizia. Rubabi ina vikonyo 6, lakini miezi 3 sasa tangu niipande na bado ni vya kijani. Nimesoma kwamba ni sumu. Je, nisubiri viwe vyekundu ndipo nivune? Au ning'oe vyote nianze upya?"

Using'oe kitu. Mimea yote miwili iko hai na inafanya kile kinachotarajiwa katika hali uliyoipa. Matango yanahitaji nyuki na maji mengi zaidi. Rubabi haihitaji chochote kutoka kwako mwaka huu isipokuwa kuachwa, na hilo ndilo gumu kwa mkulima mpya. Tango huanza na kumaliza maisha yake ndani ya msimu mmoja: kuanzia mbegu hadi tunda la kwanza ni siku 50 hadi 70 hivi. Rubabi huishi miaka 10 au zaidi palepale ulipoichimbia. Umeipanda siku zinazokaribiana na ukaitarajia ikupe chakula kwa pamoja, na hapo ndipo wasiwasi wako mwingi ulipoanzia.

Tuanze na vitango vinavyoanguka, maana hapo pana mengi ya kueleza.

Tango la kawaida huzaa maua ya aina 2 kwenye mmea uleule. Ua dume hukaa juu ya kijiti chembamba, mara nyingi kadhaa kwa pamoja kwenye kifundo kimoja. Ua jike huwa na kitango kidogo chenye vinywele au miiba nyuma yake hata kabla halijafunguka. Maua dume hutangulia, mara nyingi kwa wiki 1 au 2, na yakimaliza siku yake hudondoka. Kwa hiyo maua yaliyodondoka mwanzoni kabisa hayakuwa hasara. Vitango ulivyoviona vikiwa manjano ni jambo jingine: hivyo, kwa uwezekano mkubwa, ni maua jike ambayo hayakupata chavua, yaani unga wa manjano wa ua dume. Kitango kile kipo tangu awali, kimechavushwa au hakijachavushwa, ndiyo maana mtu hudhani tunda lilishaingia kisha likaharibika. Kwa kweli halikuingia kabisa.

Ua jike hufunguka kwa siku 1 tu. Katika siku hiyo linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi, 8 hadi 12 hivi, ili chavua itoshe mbegu zote changa zilizomo ndani. Mbegu iliyochavushwa ndiyo inayoamuru nyama iliyo jirani nayo ivimbe. Zikichavushwa za upande mmoja tu, upande huo unanenepa na wa pili unabaki nyuma, na tunda linapinda. Zikikosa chavua za mwisho mmoja, tunda linakuwa nene huku na jembamba kule. Tango lako la ndoano, kwa uwezekano mkubwa, lilitembelewa na nyuki wachache. Tunda huweza pia kupinda likikwama kwenye jani au kamba, au maji yakipungua likiwa linakua.

Kabla ya kufanya lolote, soma pakiti ya mbegu kama bado unayo. Zipo aina za matango zinazozaa bila kuchavushwa, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za kitalu zisizoingiwa na nyuki. Kama ulizo nazo ni za namna hiyo, kuchavusha kwa mkono hakutasaidia, na tunda likichavushwa linaweza hata kuvimba upande mmoja na kujaa mbegu. Zipo pia aina zinazotoa maua jike karibu matupu. Pakiti zake huja na mbegu chache za aina nyingine ya kutoa chavua, na mtu asiyejua huzitupa au huzipunguza kwenye kitalu.

Kama zako ni za kawaida, anza kuchavusha mwenyewe wakati unasubiri nyuki waongezeke. Fanya asubuhi, maua yakiwa yamefunguka na umande umekauka. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, bandua petali zake ili kibaki kile kijiti cha kati chenye unga wa manjano, kisha pakaza unga huo taratibu kwenye kitovu cha ua jike, sehemu zote za kitovu, si upande mmoja tu. Tumia maua dume 2 kwa kila ua jike 1. Baada ya siku 3 au 4 utajua: kitango kilichokubali kitakuwa kimenenepa na kitabaki kijani, na ua lililo kwenye ncha yake litanyauka bila kitango kunyauka. Usijaribu kuchavusha jioni. Ua limeshafunga, na chavua imechoka.

Na kama unapulizia dawa ya wadudu, simamisha sasa. Dawa inayoua vidukari huua na nyuki, hasa ikipuliziwa asubuhi maua yakiwa wazi. Mvua za mfululizo na baridi navyo huwafanya nyuki wasitoke. Katika joto kali mmea hutoa maua dume mengi zaidi na majike machache. Hayo huwezi kuyabadilisha, ila hali ya hewa ikitulia maua jike hurudi yenyewe. Zaidi ya hapo, shina lenye matunda 4 au 5 yanayokua kwa pamoja hudondosha vichanga vingine kwa sababu halina nguvu ya kuvilisha vyote. Huo ni utaratibu wake wa kawaida; usiupiganie.

Sasa maboga. Jirani yako anasema jambo linalosemwa na wengi, nalo si kweli, kwa sababu 2. Kwanza, tango halizaliani na boga wala na tikiti. Ni jamaa wa ukoo mmoja lakini chavua ya mmoja haitungishi mwingine. Pili, hata ingekuwa inatungisha, mabadiliko yangeonekana kwenye mimea itakayoota kutokana na mbegu hizo mwakani. Nyama ya tunda unalolila leo ni mwili wa mmea mama, na chavua haibadilishi ladha yake. Maboga yako yaache. Kinyume cha lawama, maua yake makubwa huvuta nyuki wanaoweza kupitia matango pia.

Uchungu unatoka ndani ya tango lenyewe. Jamii yote ya matango na maboga hutengeneza kemikali chungu ziitwazo kukurbitasini, ambazo ni kinga yake dhidi ya wanyama na wadudu wanaoila. Katika aina tulizozoea kulima, kemikali hizo hubaki zaidi kwenye majani na mizizi. Mmea ukitaabika, kwa ukame unaokuja na kuondoka, kwa joto kali au kwa njaa, uchungu huingia kwenye tunda. Hukusanyika zaidi upande wa kikonyo na chini kidogo ya ganda. Ndiyo maana tango lenye uchungu mdogo huokolewa kwa kukata sentimita 3 upande wa kikonyo na kumenya ganda kwa kina. Likiwa chungu sana hata baada ya hapo, litupe. Uchungu mkali kwenye tunda la jamii hii unaweza kukuumiza tumbo, na ulimi wako unakuonya kwa haki.

Hapo ndipo tunafika kwenye maji, na ninadhani ndiyo shida kuu ya tuta lako. Nusu lita kwa siku ni lita 3 na nusu kwa wiki. Shina 1 la tango linalozaa, likiwa limechukua nusu mita ya mraba hivi kama yako, linahitaji lita 12 hadi 15 kwa wiki, na zaidi kukiwa na joto. Wewe unaupa mmea kama robo tu ya hayo. Tena maji kidogo ya kila siku hulowesha sentimita chache za juu tu, kisha jua la kesho linazikausha, na mizizi ya tango, ambayo mingi ipo katika sentimita 30 za juu, hupanda kufuata unyevu huo na kuungua. Mmea unaishi kwenye kiu na ahueni, kiu na ahueni. Ndivyo uchungu unavyopatikana, na ndivyo vitango vinavyoachwa.

Mwagilia mara 3 kwa wiki, lita 4 hadi 5 kila shina, polepole, chini kwenye udongo. Udongo ukiwa wa kichanga, gawa maji hayohayo mara 4 au 5. Kupima, chomeka kidole hadi sentimita 5: pakiwa pakavu, ni siku ya maji; pakiwa na unyevunyevu, subiri kesho. Fanya asubuhi. Kunyunyizia majani jioni huyaacha yakiwa na maji usiku kucha, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, hupenda majani yaliyolowa kuliko kitu chochote. Baada ya kumwagilia vizuri mara ya kwanza, tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo hayo yatakupunguzia kazi kuliko jambo lingine lolote nililoandika hapa.

Kuhusu mbolea, usiongeze ya naitrojeni sasa. Inakuza majani na kuchelewesha maua jike. Kama uliweka samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda, ndoo 1 ya lita 10 kwa kila mita ya mraba, inatosha hadi matunda yaanze. Baada ya hapo upe mmea mbolea yenye potasiamu kila baada ya wiki 2.

Matango yako yanatambaa chini? Hukusema, lakini kwa tuta la ukubwa huo nakushauri uyapandishe. Nguzo 2 za mita 2 zilizozama sentimita 40 hivi, na wavu wenye matundu yanayopitisha mkono wako, vinatosha mashina 4 yaliyoachana sentimita 30. Elekeza ncha kwa mkono kila baada ya siku 2. Vikonyo vyake vya kujishikiza vitafanya yaliyobaki. Tunda linaloning'inia hunyooka, halioni udongo, nawe huliona kwa wakati. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu tango 1 lililosahaulika hadi likawa nene na la manjano huuambia mmea kwamba mbegu zimepatikana na kazi imekwisha, nao hupunguza kuzaa. Vuna kila baada ya siku 2, yakiwa na sentimita 15 hadi 20 kwa aina nyingi, kwa kisu au mkasi. Kuvuta kwa mkono huchana shina.

Rubabi sasa, na hapa nakuomba subira.

Rangi si dalili ya kuiva. Wekundu wa kikonyo hutokana na aina ya mmea. Zipo aina zenye vikonyo vyekundu mwanzo hadi mwisho, zipo zenye wekundu chini tu, na zipo zinazobaki kijani maisha yake yote. Hizo za kijani mara nyingi ndizo zenye nguvu na mazao mengi. Ukisubiri yako iwe nyekundu unaweza kusubiri miaka. Kikonyo kiko tayari kikishakuwa na urefu wa sentimita 25 hadi 40, ni kigumu kukishika, na jani lake limefunguka lote.

Ila usivune mwaka huu, hata kimoja. Kila jani hupika chakula na kukishusha kwenye tunguu, na akiba hiyo ndiyo itakayosukuma machipukizi ya mwakani. Vikonyo 6 ni vichache. Ukivitoa, tunguu linaanza mwaka wa pili likiwa na njaa, na litakulipa kwa vikonyo vyembamba kama penseli. Mwaka wa pili chukua vichache kwa muda wa wiki 2 hivi. Kuanzia wa tatu vuna kwa wiki 8 hadi 10, ukibakiza kila mara angalau nusu ya vikonyo kwenye shina, kisha uuache mmea upumzike. Usikate. Shika kikonyo chini kabisa, kizungushe kidogo na ukivute kwa upande, kitachomoka chote. Kipande kinachobaki baada ya kisu huoza, na uozo hushuka kwenye tunguu.

Sumu ni majani, yaani bapa lile pana la kijani. Lina asidi ya oksaliki kwa wingi unaoweza kuunguza mdomo, kuleta kutapika na maumivu ya tumbo, na kuumiza figo. Vikonyo pia vinayo, ila kidogo zaidi. Uchachu wake unatoka zaidi kwa asidi ya maliki, ileile ya tufaha bichi. Nasisitiza kwa sababu mtu aliyezoea kupika mboga za majani anaweza kuona hasara kutupa majani makubwa mazuri namna ile: kuchemsha hakuyafanyi salama, na kuongeza magadi au soda ya kuokea kwenye sufuria huzidisha hatari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia watu Uingereza walihimizwa kuyala kwa sababu ya uhaba wa mboga, na wapo waliodhurika. Ukishavuna, kata bapa palepale bustanini ukibakiza kikonyo peke yake, na usiwape mbuzi wala sungura. Kwenye lundo la mboji yaweke bila hofu. Asidi huvunjika yanapooza. Vikonyo vilivyolegea na kuwa laini baada ya kupigwa na barafu visiliwe pia.

Mtu akila majani, hasa mtoto, mpeleke hospitali mara moja na uchukue kipande cha jani. Usimtapishe. Na mwenye historia ya mawe ya figo amuulize daktari wake kabla ya kula hata vikonyo.

Kuna swali ambalo hukuuliza lakini litaamua hatima ya mmea huu: kwenu kuna baridi? Tunguu la rubabi huhitaji wiki kadhaa za baridi ya nyuzi 4 au 5 kwenda chini ndipo liamke kwa nguvu, na kwenye joto linalozidi nyuzi 30 kwa muda mrefu majani hudhoofika. Kama mnapata majira ya baridi kweli, majani yatakauka yote na utadhani imekufa. Haijafa; yaondoe, weka samadi iliyooza kuizunguka bila kufunika machipukizi, na uingoje. Kama hali ya hewa yenu ni ya joto mwaka mzima, nakwambia wazi kwamba haitawahi kuwa kichaka kinene cha miaka 10. Wanaolima kwenye joto huiotesha kwa mbegu kuelekea miezi yenye ubaridi zaidi, huvuna kidogo, na huanza tena. Inawezekana kufurahia hivyo, mradi umejua mapema.

Angalia pia ulivyolizika tunguu. Machipukizi yawe sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo, na mahali pasituamishe maji. Chimba kidogo kwa vidole pembeni: ukigusa sehemu laini, ya kahawia, yenye harufu mbaya, huo ni uozo wa tunguu. Ukiona bua nene linapanda katikati na vichwa vya maua, livunje chini mara moja, kwa sababu linakula akiba.

Umbali wa sentimita 40 hautoshi. Rubabi iliyokomaa hutaka karibu mita 1 kila upande. Una njia 2. Ya kwanza ni kuihamisha rubabi ikishalala, majani yakiwa yamekauka. Ya pili ni kuiacha palepale na mwakani usipande matango hapo. Mimi ningechagua ya pili. Tango litakufa lenyewe msimu ukiisha, na ni vizuri lipandwe mahali pengine mwakani ili magonjwa yasijikusanye. Rubabi, kila ukiichimbua, unairudisha nyuma mwaka mzima. Kwa sasa usichimbe katikati yake, kwani mizizi ya tango haivumilii kuguswa. Yapandishe tu matango kwenye wavu ili jua lifike pande zote mbili.

Hali 2 zinahitaji macho ya mtu aliye karibu nawe. Moja, tango likinyauka mchana na kuinuka jioni mara nyingi ni joto tu, lakini likinyauka na alfajiri bado limelala, kata shina 1 lililonyauka, gusanisha ncha mbili zilizokatwa kisha uzitenganishe taratibu. Zikivuta uzi mwembamba unaonata, ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, na shina hilo liondoke leo. Nyingine, majani mapya yakitoka yamekunjamana na mabaka ya kijani kibichi na manjano, huenda ni virusi vinavyosambazwa na vidukari. Mpelekee mtaalamu wa kilimo tawi zima, jani la juu na la chini, likiwa kwenye mfuko wa karatasi, kabla hujanunua dawa yoyote. Unga mweupe mkavu juu ya majani makuukuu si dharura: ni ubwiri unga; toa majani hayo, acha hewa ipite, na uendelee kuvuna.

Kesho asubuhi, basi, anza na lita 5 kwa kila shina, na uchague maua jike 3 ya kuchavusha.